Moshi wa moto kichaa kwenye picha za setilaiti: dalili zinazopotosha na visababishi vyake

Kuanzia Juni hadi Oktoba misitu ya miombo huwaka, kutoka Angola, Katanga na Zambia hadi huku kwetu magharibi mwa Tanzania. Mkulima anasafisha shamba, mfugaji anachoma nyasi kavu ili zichipue changa, mrina asali anaacha kijinga cha moto chini ya mti, na moto ukishamponyoka mtu tunauita moto kichaa. Naishi kusini mwa Tabora, nchi ya nyuki. Mzinga wa gome ukipitiwa na moto haubaki kitu: nta inayeyuka, nyuki wanahama, na miti iliyokuwa ichanue inakosa maua. Ndiyo sababu nilijifunza kuusoma moshi kutoka juu.

Picha zenyewe ni za bure. NASA Worldview inafunguka kwenye kivinjari bila kujisajili na ina picha za kila siku. FIRMS, ya NASA pia, inaonyesha nukta mahali setilaiti ilipogundua joto la moto, kwa kawaida ndani ya saa tatu. EUMETView ina picha za Meteosat, setilaiti za hali ya hewa za Ulaya, zinazopigwa mfululizo mchana na usiku. Kazi iko kwenye kuzisoma. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako.

Nje kumefunga moshi, lakini picha ya leo ni safi

Hii ndiyo inayowakatisha watu tamaa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Asubuhi moja ya Agosti nilikwenda kuanua shuka nikakuta zimetapakaa vipande vyeusi vya nyasi iliyoungua, vyepesi, vimejikunja kama kucha. Ukikigusa kimoja kinasagika na kuacha mstari wa masizi kitambaani. Macho yalikuwa yanawasha. Jioni nikafungua Worldview: anga ya kwetu safi kabisa. Jirani yangu, mzee mwenye mizinga mingi porini, akapita kuuliza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiyo simu yako inasema moto uko upande gani?"

Nikamjibu kwamba haijaona moto. Hakusema neno, alininyooshea kidole zile shuka.

Alikuwa na haki, na kosa langu lilikuwa la saa. Picha nzuri za rangi halisi kwenye Worldview zinatoka kwenye chombo kiitwacho VIIRS, kilichopo kwenye setilaiti tatu: Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21. Zote hupita mchana karibu saa saba na nusu kwa saa ya jua. Saa ya jua siyo ya mkononi. Jua la Tabora linachelewa kuliko saa tunayotumia nchi nzima, kwa hiyo kwetu zinapita karibu saa nane na dakika ishirini, tofauti ikiwa hadi dakika hamsini hivi mbele au nyuma kutegemea njia ya siku hiyo. Moshi wa kiangazi hauisubiri saa nane. Usiku ardhi inapoa, hewa baridi inalala chini na hewa ya joto inakaa juu yake kama kifuniko, moshi unabanwa mabondeni na kwenye makazi. Kuanzia saa nne au saa tano jua linaichemsha ardhi, kifuniko kinavunjika, moshi unapanda na kutawanyika. Setilaiti inapofika, ule uliokukohoza alfajiri umeshakuwa mwembamba na umesambaa eneo kubwa.

Dawa yake ni Meteosat. Iko palepale angani, inapiga picha kila baada ya dakika 15, na ile ya kizazi cha tatu iliyorushwa Desemba 2022 kila dakika 10. Chukua picha za kuanzia saa moja asubuhi uzichezeshe kama filamu. Kuna siri ndogo hapa: moshi hung'aa zaidi pale jua linapokuwa limeinama upande wa pili wa setilaiti. Kwa hiyo asubuhi tumia Meteosat iliyo juu ya Ghuba ya Guinea, magharibi yetu, na jioni ile iliyo juu ya Bahari ya Hindi, kwenye longitudo 45.5 mashariki. Mara nyingi moshi usioonekana kabisa adhuhuri unajitokeza wazi saa kumi na mbili kasorobo.

Kisababishi cha pili ni tarehe. FIRMS huandika muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Nukta ya mchana iliyoandikwa 11:20 ni 14:20 kwetu, yaani saa nane na dakika ishirini. Hiyo ni rahisi. Inayotega watu ni ya usiku: setilaiti zilezile hurudi karibu saa nane na dakika ishirini usiku, ambayo kwa UTC bado ni 23:20 ya siku iliyotangulia. Moto wa usiku wa kuamkia Ijumaa utaukuta chini ya Alhamisi. Wenzetu wa Lubumbashi wana UTC na saa mbili, nao wapige hesabu yao hivyo. Siku ile ya shuka niliporudi nyuma tarehe moja nikazikuta nukta tatu za usiku, zimepangana kwenye mgongo wa kilima kusini mashariki. Ningejua toka mwanzo kama ningesikiliza ushahidi wa shuka: vipande vikubwa vya majivu havisafiri mbali kwa upepo wa kawaida, kwa hiyo moto ulikuwa wa jirani.

Kisababishi cha tatu ni rangi ya ardhi. Nyasi kavu za Agosti zinang'aa, na moshi mwembamba juu yake hauonekani kama vile vumbi lisivyoonekana kwenye kitambaa cha kaki. Sogeza picha hadi juu ya kitu cheusi. Kwa magharibi mwa Tanzania hakuna kipimo kizuri kuliko Ziwa Tanganyika: maji yake ni ya kina na meusi, na utando wowote wa kijivu unajitokeza. Ziwa Rukwa halifai kazi hii, maji yake ni ya tope.

Picha inaonyesha moshi mzito juu yetu, lakini nje hewa ni nzuri

Setilaiti inatazama nguzo nzima ya hewa, kuanzia ardhini hadi juu. Haikwambii moshi uko ghorofa ya ngapi. Pua yako iko ghorofa ya chini tu.

Moshi wa miombo unaweza kupanda kilomita kadhaa na kusafiri huko juu bila kushuka. Mfano mkubwa uko upande wa pili wa bara: kila Agosti na Septemba moshi wa Kongo, Angola na Zambia husukumwa na upepo wa mashariki hadi juu ya Atlantiki, na huko hukaa juu ya mawingu mazito ya baharini. Kati ya 2016 na 2018 NASA ilipeleka ndege kuuchunguza katika mradi wa ORACLES. Kwenye picha mawingu yale yanaonekana kama pamba iliyoingia chai, ilhali baharia aliye chini yake anaweza kuwa anavuta hewa ya kawaida.

Ili kujua urefu, kwenye Worldview fungua tabaka (ramani unayoiweka juu ya picha) la kielezo cha erosoli, yaani chembechembe zinazoelea hewani; lebo yake ni Aerosol Index. Linatokana na miale ya urujuanimno, na tabia yake ndiyo faida yake: linauona vizuri moshi ulio juu, hata juu ya mawingu, lakini moshi ulioganda karibu na ardhi halioni sawasawa. Kielezo kikiwa juu na hewa yako safi, moshi unapita juu ya kichwa chako. Kielezo kikiwa chini na unakohoa, moshi umelala nawe.

Tabaka jingine ni unene wa erosoli, AOD. Chini ya 0.1 anga ni safi. Ikifika 1, ni takriban 37% tu ya miale ya jua la utosini inayofika ardhini moja kwa moja, na utaliona jua limefifia. Lakini hata namba hii ni ya nguzo nzima. Usiichukue ukamwambia mtu mwenye pumu atoke au asitoke. Kwa hilo kinatakiwa kipimo cha ardhini cha chembechembe za PM2.5, zile ndogo zinazoingia hadi mapafuni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Na kama kipimo chako ni kile kidogo cha bei nafuu, kumbuka hewa yenye unyevu mwingi inakipandisha kuliko ukweli. Watu wa pwani wajihadhari zaidi na hilo.

Sijui kama ni moshi, wingu au vumbi

Kwa macho: wingu ni jeupe, lina kingo na mara nyingi kivuli pembeni yake. Moshi ni wa kijivu chenye ubuluu, hauna kingo zinazoeleweka, na unaona barabara na mito kupitia ndani yake. Ukiufuata kinyume cha upepo unakonda hadi kwenye ncha, na ncha hiyo ndipo moto ulipo. Vumbi ni la kahawia au manjano.

Macho yakishindwa, fanya jaribio hili ambalo mimi naliamini kuliko mengine yote. Kwenye Worldview weka picha ya rangi halisi ya Aqua au Terra, setilaiti za NASA zenye chombo cha MODIS, halafu juu yake weka ile ya Bands 7-2-1, uwe unaizima na kuiwasha. Picha hii ya pili inatumia mwanga mwekundu pamoja na mawimbi marefu kuliko yale ya macho. Chembe za moshi ni ndogo mno kuyazuia mawimbi hayo marefu, kwa hiyo moshi mwembamba unatoweka, ule mzito unafifia na kubaki na ubuluu, na ardhi inaonekana chini yake. Wingu la maji linabaki jeupe palepale, na wingu la barafu linageuka buluu ya feruzi. Utando ukitoweka au kufifia sana na mawingu yakabaki, umeupata moshi. Vumbi, kwa kuwa chembe zake ni kubwa zaidi, halitoweki lote. Kuna zawadi nyingine ndani ya picha hiyohiyo: maeneo yaliyoungua yanajitokeza kwa rangi ya hudhurungi nyekundu katikati ya kijani, kwa hiyo unajua moto umekula wapi hata kama umeshazimika.

Bado una shaka? Angalia gesi. Chombo cha TROPOMI kwenye Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, kinapima kaboni monoksidi. Moto wa majani na miti unaitoa kwa wingi, vumbi haliitoi.

Watu wa Goma na Gisenyi wana shida yao peke yao. Utando wa huko unaweza kuwa ni pumzi ya Nyiragongo na Nyamulagira. Tofauti utaiona kwenye tabaka la salfa dioksidi: volkano inaitoa kwa wingi, moto wa nyasi unatoa kidogo mno.

Na ukiona weupe mpana juu ya ziwa au bahari, wenye umbo la mkanda unaofuata njia ya setilaiti, huo ni mng'ao wa jua kwenye maji. Fungua setilaiti nyingine ya siku hiyohiyo. Mng'ao utahama au kutoweka, moshi hautahama.

Nukta za moto zipo, moshi haupo

Kwanza jiulize kama nukta hiyo ilikuwepo jana, juzi na mwezi uliopita. Moto wa nyasi hausimami mahali pamoja. Nukta zisizohama kaskazini ya Goma ni lava ya volkano. Nchini Oman na nchi za Ghuba, nukta zisizohama nyingi ni miali ya gesi ya visima vya mafuta. Paa pana la bati au uwanja wa paneli za jua nao unaweza kuidanganya setilaiti mchana kwa kurudisha jua. Usiku nukta hiyo haitokei.

Pili, usisome nukta kama moto mkubwa kwa sababu ya ukubwa wake kwenye ramani. Nukta ya VIIRS ni kitovu cha pikseli ya mita 375, na ya MODIS ni ya kilomita 1. Maana yake ni kwamba mahali fulani ndani ya mraba huo kuna joto. Huenda ni shamba la ekari moja linalochomwa na mwenyewe amesimama pembeni na tawi bichi mkononi. Nimewahi kuona watu wakikimbilia kwenye kitovu cha nukta, wakakosa moto na kuilaumu ramani. Moto ulikuwa upande wa pili wa korongo, ndani ya pikseli hiyohiyo.

Nyasi kavu kabisa zikiwaka kwa nguvu nazo hutoa moshi kidogo kuliko gogo bichi linalofukuta. Kwa hiyo moto mkali wenye moshi hafifu si ajabu.

Moshi upo, nukta hazipo

Mara nyingi moto uliwaka kati ya mapito mawili. Nyasi zinazowashwa saa kumi alasiri zinaweza kuisha kabla setilaiti haijarudi usiku. Mara nyingine wingu limefunika, au moto unatambaa chini ya miti mikubwa. Tanuri la mkaa lililofukiwa udongo hufuka siku nyingi bila kuwa na joto la kutosha juu yake, hivyo mara nyingi halipati nukta.

Kwa moto wa namna hii nenda Copernicus Browser, tovuti ya picha za setilaiti za Ulaya, utazame Sentinel-2. Inapita kila baada ya siku 5, kwa hiyo si ya dharura, lakini pikseli yake ni mita 10, na mikondo yake ya mawimbi marefu, yenye mita 20, inauona ulimi wa moto kupitia moshi.

Au moshi si wenu kabisa. Hapo tafuta chanzo kwa upepo.

Umetoka wapi?

Anza na majira. Kusini mwa ikweta moto ni wa Juni hadi Oktoba, ukianzia upande wa Kongo na Angola na kusogea kusini mashariki kadiri kiangazi kinavyokomaa. Kaskazini mwa ikweta, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ni Desemba hadi Februari. Mtu wa kaskazini mwa Uganda akiona utando Januari atazame huko. Wakati wa kusi upepo wa chini unaupeleka moshi wa bara magharibi, kwa hiyo utando wa Dar es Salaam wa Agosti usiusingizie Katanga haraka. Pwani ina moshi wake wa takataka na magari, na ina chumvi ya bahari hewani.

Kisha usitazame upepo wa ardhini peke yake. Moshi uliopanda unafuata upepo wa juu, ambao unaweza kuelekea kwingine kabisa. Kwenye ramani za upepo chagua usawa wa 700 hPa (kipimo cha kanieneo ya hewa), karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Usawa wa 850 hPa ni karibu mita 1,500, na kwa Tabora, iliyo mita 1,200 hivi, hapo ni mita mia tatu tu juu ya paa.

Mabaka meusi, au moshi umekatika kama kwa mkasi

Hilo si tatizo la anga. MODIS inafagia upana wa kilomita 2,330, na karibu na ikweta mapito yake hayagusani, ndipo yanapobaki mabaka meusi. Hamia VIIRS, ambayo haiachi pengo. Moshi uliokatwa kwa mstari ulionyooka ni mshono wa mapito mawili, moja limetangulia jingine kwa dakika mia hivi, na moshi umesogea katikati. Ukilinganisha miaka, kumbuka pia kwamba Terra, ya 1999, na Aqua, ya 2002, haziko tena kwenye saa zao za zamani: Terra inapita mapema kuliko ilivyokuwa, Aqua imechelewa.

Tabaka la AOD lina tundu pale moshi ulipo mzito kuliko kote

Tundu hilo si hewa safi. Programu inayokokotoa AOD kwanza huondoa mawingu, na moshi mzito sana huonekana kwake kama wingu, ukaondolewa nao. Washa picha ya rangi halisi chini yake. Ukikuta kijivu ndani ya tundu na namba kubwa kuzunguka ukingo wake, hapo ndipo penye moshi mkubwa kuliko kote ramanini. Kosa hili ni la hatari na nimeliona likifanywa kwenye ripoti: eneo lililokosa namba likahesabiwa kama sifuri.

Bando halitoshi

Usifungue ramani kila saa. Jisajili kupata arifa za FIRMS kwa barua pepe, uchore eneo lako, nayo itakuletea nukta kwa maandishi. Picha ifungue mara moja kwa siku, kama saa kumi na mbili jioni, baada ya ile ya mchana kuwa tayari. Wenye simu za vitochi tunawatumia ujumbe mfupi, na tumekubaliana kijijini uwe na mambo matano tu: wingi wa nukta, umbali, upande, saa, na upepo. Wa siku ile ya shuka, nilioutuma kwa mzee nikiwa nimechelewa siku nzima, ulikuwa hivi: "Moto nukta 3, km 9 kusini mashariki, saa nane usiku wa kuamkia leo, upepo unaleta huku." Alijibu kwamba mizinga ya upande huo ameshaanza kuifyekea nyasi.